Changa la Macho la Nyumbani: Mazingaombwe Sita ya Kuwafurahisha Unaowapenda

Safari hii ukurasa wetu unatoka Nalasi, wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma. Ukitoka Songea unapita Namtumbo, unafika Tunduru mjini, halafu unakata kuelekea upande wa mto Ruvuma, kwenye mikorosho. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji.

Nilikwenda huko kufundisha kuhusu malaria. Nilikuwa na mabango, vipeperushi na chandarua cha kuonyeshea. Kwa kweli nilijiona mwalimu hasa! Lakini jioni, nyumbani kwa familia iliyonipokea, nilipoanza somo langu watoto walisinzia mmoja baada ya mwingine. Hata babu mwenye nyumba alipiga mwayo, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, umechoka. Kapumzike."

Basi nikaomba bakuli, sarafu na jagi la maji. Nikaonyesha mchezo mdogo niliojifunza nikiwa shule ya msingi. Sarafu ikapotea, halafu ikarudi. Watoto wakaamka wote! Wakapiga makofi, wakaita majirani. Nami nikavimba kichwa, nikasema kwa sauti nzito, "Hizi ni nguvu nilizopewa."

Hapo nilikosea. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka alisimama, akajifunga khanga vizuri, akawashika wajukuu zake mikono akaondoka nao. Uwanja ukawa kimya. Usiku ule sikulala vizuri. Kulipokucha nilikwenda kwake na bakuli langu. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Nikamwonyesha mchezo wote, hatua kwa hatua, kisha nikampa jagi aufanye mwenyewe. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema, "Kumbe ndiyo hivi tu? Sasa mbona jana hukusema?"

Swali la bibi ndilo somo letu la leo. Tutajifunza mazingaombwe sita kwa vitu vilivyomo jikoni. Utawafurahisha wazazi, wadogo zako na marafiki. Lakini utajifunza pia jambo kubwa zaidi: anayejua jinsi macho yanavyodanganywa si rahisi kutapeliwa, hasa panapohusika afya yake na ya watu wake.

MAZINGAOMBWE NI NINI?

Muulize mzazi wako kama anakumbuka wafanya mazingaombwe waliokuwa wakizunguka mashuleni. Wanafunzi walilipa kiingilio kidogo, wakajazana darasani, wakaona leso zikitoka mdomoni na noti zikitoka kwenye karatasi tupu. Wengi wetu tulitoka pale tukiamini kwamba yule bwana ni mchawi. Hakuwa mchawi. Alikuwa fundi wa mikono, maneno na vifaa.

Mazingaombwe, au kiinimacho, ni mchezo wa kumfanya mtu aone jambo ambalo halikutokea, au asione lililotokea mbele yake. Linawezekana kwa sababu macho hayafanyi kazi peke yake. Jicho hupokea mwanga, lakini ubongo ndio unaoamua umeona nini. Na ubongo una kawaida ya kufuata jambo moja tu kwa makini. Ukivutwa kutazama mkono wa kulia, mkono wa kushoto unafanya mambo yake.

Kuna na mazingaombwe ya aina ya pili. Haya hayahitaji wepesi wa mikono. Yanatumia Fizikia na Kemia, masomo yaleyale unayokutana nayo darasani. Michezo yetu mingi leo ni ya aina hii, kwa hiyo hata mwenye mikono mizito ataiweza.

KANUNI NNE KABLA YA KUANZA

1. Fanya mazoezi ukiwa peke yako, hata mara kumi, kabla ya kuwaonyesha watu.
2. Ongea. Simulia hadithi, tania, uliza maswali. Watu hutazama unakotazama wewe, na husahau wasichokumbushwa.
3. Usirudie mchezo uleule papo hapo. Mara ya kwanza watu wanashangaa, mara ya pili wanachunguza.
4. Mwishoni, toboa siri. Wafanya mazingaombwe wa kazi hii huficha siri zao kwa sababu ndizo zinazowapa mkate. Sisi tunafanya kinyume. Kijijini au mtaani, mchezo usiofafanuliwa unaweza kukuletea jina baya, wewe au hata bibi yako unayeishi naye. Usiruhusu mtu aondoke akiamini kwamba una nguvu za ajabu.

MCHEZO WA 1: SARAFU INAYORUDI

Mahitaji: bakuli lisilopitisha mwanga (la bati au plastiki), sarafu, jagi la maji, kipande kidogo cha ugali.

Namna ya kufanya: Bandika sarafu katikati ya bakuli kwa ugali ili isisogee. Mwambie ndugu yako aitazame, kisha arudi nyuma taratibu mpaka ukingo wa bakuli uifiche. Mwambie asimame hapohapo, asiinue kichwa. Sasa mimina maji polepole huku ukisema, "Sarafu, rudi nyumbani!" Ataiona ikichomoza bila yeye kusogea wala wewe kuigusa.

Kwa nini: Mwanga unaotoka ndani ya maji kwenda hewani hupinda. Ule uliokuwa ukipita juu ya kichwa chake sasa unapinda na kufika machoni pake. Sarafu haikusogea.

Zingatia: Kwa sababu hiyohiyo, maji yakitazamwa kutoka juu huonekana na kina kifupi kuliko kilivyo. Bwawa la mita 4 linaweza kuonekana kama la mita 3. Vijana wengi wamezama kwa kuamini macho yao. Usijitose kwenye mto au bwawa usilolijua, hata kama unaona mchanga wa chini.

MCHEZO WA 2: GLASI ISIYOMWAGIKA

Mahitaji: glasi, maji, kipande cha jalada gumu la daftari kinachozidi kidogo mdomo wa glasi, beseni.

Namna ya kufanya: Jaza glasi mpaka juu kabisa. Weka kipande cha jalada juu yake, kikamate kwa kiganja, kisha pindua glasi juu ya beseni. Ondoa kiganja taratibu. Maji hayamwagiki!

Kwa nini: Hewa inayotuzunguka ina msukumo, na inasukuma pande zote, hata kutoka chini kwenda juu. Msukumo huo unakaribia kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Mdomo wa glasi ya kawaida una zaidi ya sentimita 30 za mraba, na maji yaliyomo ni kama robo kilo tu. Hewa inashinda bila jasho. Kadi ikilegea na hewa ikaingia, mchezo umekwisha na suruali imelowa. Ndiyo maana ya beseni.

MCHEZO WA 3: YAI LINALOTII

Mahitaji: glasi mbili za maji, yai bichi ambalo halijaharibika, chumvi ya jikoni.

Namna ya kufanya: Kabla watu hawajafika, koroga chumvi katika glasi moja, vijiko vya chakula viwili au vitatu, mpaka iyeyuke na maji yatulie. Ukiwa mbele ya watu, liambie yai, "Zama!" Litie kwenye maji ya kawaida. Litazama. Litoe, liambie, "Sasa elea!" Litie kwenye glasi ya pili. Litaelea. Kisha mwalike mdogo wako ajaribu, lakini mpe glasi ya kwanza. Atabembeleza, atakaripia, yai halisikii!

Kwa nini: Maji yenye chumvi nyingi ni mazito kuliko yai lenye ukubwa uleule, hivyo yanalibeba. Mama zetu wanajua jambo linalofanana na hili: yai viza huelea hata kwenye maji ya kawaida, kwa sababu ndani yake hewa imeongezeka.

Zingatia: Maji hayo ya mchezo si ya kunywa. Chumvi nyingi ni hatari, hasa kwa mtoto mdogo. Mtoto akiharisha mpe maji ya ORS ya pakiti, na muulize mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki. Kama pakiti haipo, tengeneza nyumbani kwa kipimo: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usikisie. Kisha mpeleke mtoto zahanati.

MCHEZO WA 4: PILIPILI INAYOKIMBIA

Mahitaji: sahani ya maji, pilipili manga iliyosagwa, sabuni.

Namna ya kufanya: Nyunyiza pilipili juu ya maji. Mwite mtu achovye kidole katikati. Hakuna kitu, pilipili inabaki kumng'ang'ania kidoleni. Wewe uwe umepaka sabuni kidogo kwenye ncha ya kidole chako bila wao kuona. Gusa maji. Pilipili yote itakimbilia ukingoni kama kuku walioona mwewe.

Kwa nini: Juu ya maji kuna mvuto unaofanya uso wake uwe kama ngozi nyembamba. Sabuni huulegeza mvuto huo pale ulipogusa, na sehemu nyingine za maji zinavuta kuelekea kwao, zikibeba pilipili. Ukitaka kurudia siku nyingine, suuza sahani vizuri na uweke maji mapya.

Zingatia: Waulize watazamaji, "Kidole cha nani kimeshinda?" Ni kidole chenye sabuni! Sabuni hulegeza mafuta na uchafu ulioshika ngozi, na vijidudu huondoka pamoja nao kwa maji. Kunawa kwa maji matupu baada ya kutoka chooni ni nusu ya kazi.

MCHEZO WA 5: BARUA ISIYOSOMEKA

Mahitaji: limao au ndimu, njiti ya kiberiti, karatasi nyeupe, pasi ya mkaa au ya umeme.

Namna ya kufanya: Chovya njiti kwenye maji ya limao, andika neno fupi. Acha karatasi ikauke mpaka isionekane kitu. Jioni, mwonyeshe dada yako karatasi tupu, mwombe aishike, aigeuze, aimulike kwa taa. Kisha ipige pasi yenye moto mbele yake. Maandishi ya kahawia yatajitokeza: "Nakupenda dada" au "Deni langu liko wapi?"

Kwa nini: Maji ya limao yana sukari na vitu vingine vinavyoungua kwa joto dogo kuliko linalounguza karatasi. Kwa hiyo maandishi yanabadilika rangi kabla ya karatasi.

Tahadhari: Usishike karatasi juu ya mwali wa moto wala kibatari. Kama wewe ni mdogo, fanya na mtu mzima.

Sasa tuliza akili kidogo. Umeshika karatasi tupu, na jina linajitokeza lenyewe. Kwa dada yako ni kicheko. Lakini je, ingekuwa mtu asiyemfahamu, amejiita mtaalamu, anasema, "Karatasi hii itatuonyesha nani amemloga mtoto wako," na jina likatokea ni la shangazi yako? Limao ni lilelile. Matokeo yake si kicheko.

MCHEZO WA 6: DAMU YA JIKONI

Mahitaji: unga wa manjano (binzari ya njano), magadi, maji, kipande cha ndimu.

Namna ya kufanya: Yeyusha magadi kwenye maji kidogo, yaache yatulie, uchuje. Changanya manjano na maji kidogo mpaka iwe uji, jipake kwenye kiganja. Waambie watu, "Hii ni njano, mnaiona?" Kisha nyunyiza maji ya magadi. Papo hapo njano inageuka nyekundu kama damu mbichi! Waache washtuke kidogo. Halafu kamulia ndimu. Nyekundu inarudi kuwa njano.

Kwa nini: Mwanafunzi wa Kemia anaifahamu karatasi ya litimasi, inayobadilika rangi ikikutana na asidi au besi. Manjano hufanya kazi ya aina hiyo. Ikikutana na besi, kama magadi, majivu au sabuni, inakuwa nyekundu. Ikikutana na asidi, kama ndimu, inarudi kuwa njano. Bila shaka umewahi kuliona jambo hili: shati limedondokewa na mchuzi, ukalisugua kwa sabuni, doa la njano likawa jekundu. Hukuita mganga, uliendelea kufua.

Tahadhari: Usipake kwenye kidonda, machoni wala mdomoni. Na ujue kwamba njano ya kiganjani inakaa siku moja au mbili.

"HEBU RUDIA, MWANANGU"

Mchezo huu wa sita niliufanya siku ya tatu Nalasi, mbele ya wanafunzi na wazazi wao. Nilipokamua ndimu, wanafunzi walishangilia. Lakini mama mmoja aliyekaa nyuma hakushangilia. Alisimama akasema, "Hebu rudia, mwanangu." Nikarudia. Akaja mbele kabisa akasema, "Hebu na mimi." Akanyunyiza magadi kwa mkono wake mwenyewe, akatazama nyekundu ile kwa muda mrefu.

Baadaye alinisimulia. Miaka miwili iliyopita mtoto wake alishikwa na homa kali, kisha degedege. Mtu mmoja mpitaji alikuwa akitibu katika kijiji cha jirani. Alimpaka mtoto "dawa" ya njano tumboni, akamwosha kwa "maji ya mizimu". Maji yakatiririka mekundu. Akasema hiyo ni damu ya kichawi inayotoka, na mchawi ni mama wa mume. Alilipwa jogoo na shilingi elfu thelathini, akaondoka.

Mtoto hakupona. Siku ya tatu, hali ikiwa mbaya, walimpeleka zahanati, na kutoka hapo hospitali, akaongezwa damu. Ilikuwa malaria kali. Mungu mkubwa, mtoto alipona, na ni yule aliyekuwa akimvuta gauni wakati tunaongea. Lakini kwa miaka miwili mama huyu hakuwa amesalimiana na mama mkwe wake. Waliokuwa wakipika pamoja sasa walipishana njiani kama wageni.

Alipomaliza aliniomba kipande cha magadi na manjano kidogo. Nilimfungia kwenye karatasi. Sikumwuliza anapeleka wapi.

KUMBE NDIVYO WANAVYOTUFANYA

Mambo haya si ya kwetu tu. Huko Marekani, Harry Houdini, mfanya mazingaombwe mashuhuri aliyefariki mwaka 1926, alitumia miaka yake ya mwisho kuwafichua watu waliodai kuzungumza na wafu na kuwatoza pesa wafiwa. Huko India, Basava Premanand (1930–2009) alizunguka kwa miaka mingi akiwaonyesha watu hadharani jinsi "miujiza" ya matapeli inavyofanyika. Wote wawili walijua jambo moja: usimtukane aliyedanganywa. Mwonyeshe mchezo, mpe na yeye aufanye.

Tapeli naye anatumia kanuni zetu zilezile, isipokuwa ile ya nne. Anafanya mazoezi. Anaongea sana. Harudii mchezo. Lakini hatoboi siri. Anachotaka kwako si makofi.

Mara nyingine hahitaji hata kifaa. Atakuambia, "Kuna mtu wa karibu anakuonea wivu. Umepata shida ya pesa hivi karibuni. Usiku unaota ndoto usizozielewa." Utashangaa amejuaje! Jaribu wewe kumwambia maneno hayo mwenzako yeyote darasani. Naye atashangaa. Ni maneno yanayomfaa karibu kila mtu, na sisi wenyewe ndio tunaoyajazia majina.

Angalia pia wakati anapokuja. Huja penye hofu, yaani penye ugonjwa, msiba au mtihani wa taifa. Na huja penye pesa. Tunduru ni nchi ya korosho, na malipo ya msimu yakiingia, wageni wa kila aina nao huingia. Yule wa ujumbe wa simu, "Ile pesa tuma kwenye namba hii," na yule wa karata tatu stendi ni ndugu wa baba mmoja na huyu wa maji mekundu.

DALILI TANO ZA KUMTAMBUA TAPELI WA AFYA

1. Anadai dawa yake inatibu kila kitu, kuanzia kifafa na UKIMWI hadi kukosa mchumba.
2. Anakukataza kwenda hospitali au kupima, au anakuambia uache dawa ulizoandikiwa.
3. Anakutajia aliyekuloga. Kumbuka, ugonjwa haupungui kwa kumchukia jirani.
4. Anataka siri. "Ukisema, dawa haifanyi kazi."
5. Anakuharakisha kulipa, na bei inapanda kila unaporudi.

Hapa tuwe wakweli, sisemi kwamba kila mganga wa tiba asili ni tapeli. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili watoa tiba hao. Aliyesajiliwa ana cheti, na mzuri atakuambia mwenyewe, "Hili lipeleke hospitali." Wapiga ramli ni jambo jingine. Serikali iliwapiga marufuku mwezi Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Pia Sheria ya Uchawi, ya tangu mwaka 1928, inafanya kuwa kosa kujidai una nguvu za uchawi, na vilevile kumsingizia mtu uchawi. Bibi zetu wengi wameuawa nchini kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizotupikia.

Ukiona mtoto ana homa au degedege, hiyo ni dharura. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, mwahishe kituo cha afya. Kipimo cha malaria kinahitaji tone moja tu la damu, na majibu hutoka baada ya dakika chache. Tone hilo ni damu ya kweli, na linaeleza ukweli.

KAZI YA KUFANYA

Andaeni "Jioni ya Mazingaombwe" shuleni au nyumbani. Kila mmoja achague mchezo mmoja, aufanye, atoboe siri, kisha aeleze funzo moja la afya. Halafu jadilini maswali haya:

1. Kwa nini mfanya mazingaombwe hapendi kurudia mchezo? Daktari akirudia kipimo, anaogopa nini?
2. Katika mchezo wa 6, ni kitu gani kilikuwa besi na kipi asidi? Tafuta vitu vingine viwili jikoni vya kila aina, uvijaribu kwenye manjano.
3. Rafiki yako anakuambia dada yake ameacha dawa za kifua kikuu kwa sababu amepata "maombezi ya maji". Utamwambia nini bila kumdhalilisha?
4. Mtu mzima unayemheshimu anaamini ramli. Utaanzaje mazungumzo naye? Jaribuni kuigiza.

Kwa swali la nne nakupa dokezo, nililipata kwa bibi wa Nalasi. Usianze na hotuba. Anza na "Shikamoo," kisha bakuli, sarafu na jagi la maji, na umwachie yeye jagi.

Wahenga walisema, macho hayana pazia. Ni kweli, lakini yanachezewa. Basi tuyachezee kwa furaha, tukae mkekani na wale tunaowapenda, tucheke pamoja, na baada ya kicheko tuwaambie jinsi tulivyofanya.

Mkijaribu michezo hii, tuandikieni mtueleze ilivyokwenda, hata kama yai liligoma na suruali ikalowa. Mpaka toleo lijalo, kila la heri!